Utelezi wa Jerikeni Yenye Msalaba

Jumatatu, 7 Julai

Koboko. Mvua asubuhi, jua mchana. Madam Natalina, anayetufundisha Kiswahili, ametuagiza kila mmoja aandike shajara. Sentensi fupi, ukweli mtupu, na yeye hatasoma. Nimemwamini. Ukweli wa kwanza: leo nina mpango.

Mwalimu Ocama wa biolojia ametangaza maonyesho ya sayansi. Kila shule itapeleka mradi mmoja Arua. Wetu atauchagua Jumatatu ya tarehe 21. Maonyesho yatafanyika Ediofe, hukohuko Arua, katika shule ileile ambako Mama ni mpishi. Aliposema Ediofe sikusikia tena yaliyofuata.

Mama yuko kule tangu mwaka jana. Mimi ninakaa hapa kwa Shangazi Elena, dada wa marehemu baba. Mama nilimwona mara ya mwisho Pasaka. Akipiga simu huzungumza kwa haraka, kwa sababu sufuria zinamsubiri. Nataka atoke jikoni na mwiko mkononi anikute nimesimama nyuma ya meza, kadi yenye jina langu kifuani. Stella Kiden. Sitamwambia mapema. Hapo ndipo penye utamu.

Kizuizi: Juliet. Tunakaa dawati moja. Ana ndoo ya kuchuja maji kwa mchanga na makaa, ameitunza tangu muhula ulipofunguliwa, na inafanya kazi. Mimi sina kitu. Juliet amenifariji. Amesema maonyesho huhitaji pia watu wa kupiga makofi.

Jumanne, 8 Julai

Nimepata mradi! Ulikuwa nyuma ya jiko.

Jerikeni ya zamani, imesahaulika, maji nusu. Nimeingiza kidole mdomoni mwake nikapapasa ndani. Utelezi, kama ngozi ya kambare. Nimecheka peke yangu kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

Utelezi ule ni bakteria. Mwalimu Ocama alitueleza. Bakteria akiwa peke yake majini huogelea, hula, hugawanyika, hugawanyika tena. Maisha ya haraka. Lakini akigusa ukuta na kushika, tabia yake yote hubadilika. Anapunguza kuzaana. Sehemu ya chakula chake anaigeuza kuwa ute, na ute ndio nyumba. Wenzake wanakuja. Nyumba inanenepa, inakuwa utando. Walio juu wanapata hewa. Walio chini hewa haiwafikii, basi wanabadilisha hata namna ya kula. Wanachachua sukari bila hewa, kama yanavyofanyika ndani ya chungu cha pombe ya kwete, na mabaki yao ni asidi. Mabaki hayo yakipanda, jirani wa juu anayala. Walio ndani kabisa karibu wanalala. Jinsi kiumbe anavyopata chakula na kukitumia, Mwalimu anaiita umetaboli. Ivan aliuliza kama itakuja kwenye mtihani. Mwalimu alifuta ubao.

Mpango wangu. Kwanza, nitunze utelezi mpaka unenepe. Pili, nitie kipande chake kwenye chupa ya maji ya sukari na kuifunga kabisa. Chupa nyingine iwe na sukari bila utelezi. Baadaye nidondoshe karkade, ile chai nyekundu ya maua, kwenye zote mbili. Matone ya karkade ndani ya maji ya kisima chetu hugeuka zambarau, lakini yakikuta asidi hubaki mekundu. Hivyo kila mtu ataona kwa macho kwamba wale wa chini wamebadilisha ulaji. Karkade nitaomba kwa jirani yetu Poni, aliyetoka Sudan Kusini, ambaye huipika kila jioni.

Hakuna linaloweza kuharibika.

Jumamosi, 12 Julai

Nilisahau kwamba kuna Jumamosi.

Jumamosi ni siku ya jerikeni. Watoto wote wa ua wetu huokota kokoto na mchanga, hutia ndani pamoja na maji kidogo, kisha hutikisa mpaka mabega yanauma. Kelele yake ni kama mvua ya mawe juu ya mabati. Shangazi hukagua kwa pua. Ikinuka, unaanza upya. Katika nyumba ya Shangazi Elena hakuna utelezi uliowahi kuiona Jumapili.

Alikuwa ameshaanza kuja nyuma ya jiko. Nilitazama huku na huku. Kulikuwa na kopo la rangi nyeupe, iliyobaki tulipopaka kaburi la babu. Nikachora msalaba kwenye jerikeni. Nilifikiri tu kwamba Shangazi hawezi kuosha kitu chenye msalaba bila kwanza kusimama, na akisimama mimi nitapata la kusema.

Alisimama. Akajipiga ishara ya msalaba. Akauliza kama ni maji ya baraka. Sikusema ndiyo. Niliinamisha macho. Akauliza kama ni yale ya hija ya Mashahidi wa Uganda, aliyoyabariki padre mgeni. Niliinamisha macho zaidi. Akasema, kumbe mtoto huyu amekua na hakuna aliyeona. Akaibeba mwenyewe mpaka ndani, akaiweka juu ya meza yenye kitambaa cheupe, chini ya picha ya Bikira Maria.

Pale pana giza, hapana baridi, na kokoto hazifiki. Hata ningepanga mwezi mzima nisingepata mahali bora. Wakati wa sala ya jioni nilijisikia vibaya kidogo. Baadaye usingizi ulikuja.

Jumapili, 13 Julai

Shangazi amewaambia akina mama wa jumuiya. Tulipofika nyumbani kutoka kanisani, habari ilikuwa imetutangulia. Wamekuja na chupa tupu za soda. Mmoja amenyunyiza mlango wa duka lake. Mwingine amenyunyiza mbuzi mwenye mguu uliovimba. Mbuzi alipiga chafya, wakasema yanafanya kazi.

Kisha akaja Mzee Swaka, jirani wa upande wa pili. Ni askari mstaafu, na Kiswahili chake ni cha kambini. Alikuja na kikombe chake cha bati. Goti linamsumbua tangu aliporudi kutoka jeshini. Hakunyunyiza. Alikunywa kikombe kizima mbele yangu, mimi nimesimama mlangoni. Akafuta masharubu.

"Maji hii iko na nguvu," akasema. "Nasikia inashuka kwa goti."

Nilimwambia Shangazi kwamba huenda maji ya baraka si ya kunywa. Akaniambia nisimpangie Mungu njia za kupita.

Tatizo la kisayansi: maji yanapungua. Yakiisha, utelezi utakauka.

Jumatano, 16 Julai

Hayapungui. Leo nimemkuta Shangazi anajaza jerikeni kwa maji mapya ya kisima. Alishtuka kuliko mimi. Amenieleza kwa sauti ya chini kwamba baraka haipungui kwa kuongezwa maji, na kwamba si lazima akina mama wajue. Wao wanachota mchana, yeye anaongeza jioni.

Mwalimu Ocama alisema utando hupenda maji yanayopita. Yanaleta chakula na hewa, yanaondoka na uchafu. Nimeingiza kijiti nikapima. Umenenepa kupita matarajio yangu. Shangazi Elena, mwanamke anayekagua jerikeni kwa pua, sasa ndiye mfugaji mkuu wa bakteria Koboko. Nimemhurumia. Pia nimefurahi. Sijui jinsi ya kuyaandika hayo mawili katika sentensi moja.

Mzee Swaka amepita barabarani akitembea kama anayekwenda gwaride. Goti limepona. Sina mahali pa kuliweka hilo katika mradi.

Shuleni Juliet ameniuliza mradi wangu uko wapi. Nikamjibu kwamba uko kwa Bikira Maria. Akasema mimi nina matatizo. Kisha akasogea, akaniuliza polepole kama mchanga wa ndoo yake unanuka. Juu ya mchanga wake kumeota ngozi ya kahawia, laini. Nikainama, nikanusa. Nikasema, kidogo. Ilikuwa kweli, ulinuka kidogo. Sikumkumbusha kwamba Mwalimu alimwambia asiiguse ngozi ile. Juliet akasema Mwalimu akija kuchagua ataangalia usafi. Nikasema kila mtu anapenda usafi.



Ijumaa, 18 Julai

Leo sitaki kuandika. Lakini Madam alisema ukweli.

Nilikuwa peke yangu nyumbani baada ya shule. Poni alikuja na mtoto wake Yakani mgongoni. Yakani anaharisha tangu jana. Macho yamezama, na hakulia aliponiona, yeye ambaye hulia akiona sare yoyote. Poni alivua viatu mlangoni. Hajawahi kuvua viatu kwetu. Alikuwa na kikombe kidogo cha mtoto, chenye masikio mawili.

Akasema hataki ya kunyunyiza. Amesikia Mzee Swaka alikunywa akapona. Anataka Yakani anywe hii peke yake, asichanganye na dawa nyingine, baraka isije ikakasirika.

"Kiden, dada yangu, wewe chota," akasema. "Mkono yangu si safi."

Nilichukua kikombe. Nilifika mpaka kwenye meza. Nilifungua kifuniko, na vidole vyangu viliteleza.

Nilifikiri kusema maji yamekwisha. Angesubiri Shangazi arudi, na Shangazi angejaza. Nikafikiri kumchotea ya jerikeni nyingine, iliyooshwa, kimyakimya. Huo ulikuwa mpango mzuri kabisa, nadhani ndio mzuri kuliko yote niliyowahi kuwa nayo. Lakini kesho angerudi, mimi nikiwa shuleni. Na leo asingekwenda kituo cha afya, kwa sababu angekuwa na kikombe mkononi.

Nikamwambia yote. Kwamba msalaba niliuchora mimi kwa rangi ya kaburi. Kwamba hakuna padre. Kwamba ndani kuna bakteria ninaowafuga kwa ajili ya maonyesho. Kwamba asimpe Yakani hata tone.

Poni hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliniangalia, akauliza kitu kimoja tu, kwa nini nilikaa pale mlangoni nikiwatazama wanachota.  Akavaa viatu.

Nilimfuata mpaka kituo cha afya, nimebeba mfuko wake. Hakunifukuza. Yakani alipewa maji ya dawa, yale ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, na vidonge. Muuguzi alisema ni vizuri ameletwa leo. Kijiko cha kwanza Yakani alikitapika juu ya sketi yangu ya shule. Cha pili alikimeza. Niliendelea kushika kikombe chenye masikio mawili mpaka Poni aliponiambia naweza kwenda.

Shangazi nilimwambia mwenyewe, kabla hajasikia kwa wengine. Alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua mpaka nilipomaliza.

"Na mimi nilikuwa naongeza," akasema.

Hilo tu. Nadhani ndilo lililomuuma. Baadaye, bila kugeuka, alinikumbusha kwamba kesho ni Jumamosi.

Jumamosi, 19 Julai

Kokoto kubwa. Mchanga wa mtoni. Majivu. Maji ya moto. Nimetikisa peke yangu, watoto wa ua wamekaa mstari mmoja wakitazama kama mechi ya mpira. Shangazi amenusa, nikarudia. Amenusa, nikarudia.

Msalaba alinikataza kuukwangua. Alikwenda kwanza kumwuliza Katekista Loro kama msalaba uliochorwa kwa udanganyifu unaruhusiwa kufutwa. Loro amejibu kwamba msalaba hauna kosa, mwenye kosa ni mchoraji, na mchoraji atafagia kanisa mpaka shule zifungwe.

Kisha tukapita nyumba kwa nyumba, Shangazi mbele, mimi nyuma, kuwaeleza watu. Mwenye mbuzi alicheka mpaka akashika ubavu. Mwenye duka alifunga mlango, halafu akatoka na kitambaa akaanza kuufuta. Shangazi alisimama kando yangu kila mahali. Kila nilipomaliza alisema kwamba na yeye aliongeza maji. Hakulazimika.

Mzee Swaka alikataa habari yote. Amesema amekunywa maji ya mitaro ya nchi tatu na anajua maji.

"Mutoto, hii goti iko yangu ao iko yako?"

Nikasema ni lake. Akasema basi anataka kikombe chake cha Jumapili. Shangazi akamwambia jerikeni imeoshwa, haina kitu.  Hatujafika langoni, tayari Mzee ameanza kuchechemea.

Mradi umekufa. Nilikaa nyuma ya jiko. Basi Ediofe hakuna. Mama atawapikia watoto wa shule zote za eneo la West Nile, atahesabu sahani, na hatajua kwamba moja ingekuwa yangu.

Hapo nikaona kifuniko. Kilikuwa kimeanguka kwenye majani wakati wa kutikisa. Hakuna mtu anayeosha kifuniko. Ndani, kwenye mikunjo inayoshika mdomo wa jerikeni, kulikuwa na utelezi mnene, wa kahawia, mzima kabisa.

Shangazi akauliza nimeshika nini. Safari hii nilisema. Bakteria. Alishusha pumzi ndefu. Akasema hao wasivuke kizingiti cha nyumba yake. Kisha akaniletea bakuli lililopasuka, la kuku, nikiweke humo.

"Bila msalaba," akasema.

Nimekwangua kipande nikakitia kwenye chupa ya sukari. Nimefunga. Chupa ya pili nayo tayari.

Jumapili, 20 Julai

Nimefagia kanisa. Baadaye nilihitaji karkade, na anayeipika ni Poni. Nilizunguka nje ya uzio wake mpaka akaniita mwenyewe, akasema ninamtisha kuku.

Yakani amekaa kwenye mkeka, anatafuna kijiko. Aliponiona alilia, ingawa sikuvaa sare. Sijawahi kufurahi hivyo kusikia mtoto analia.

Poni ameniuliza kama leo nitamwambia ni ya nini kabla hajatoa. Nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. Akasema, kumbe wale wadudu wakikosa hewa hawafi, wanabadilisha chakula. Nikasema ndiyo. Akasema hata yeye alipofika hapa alianza kula vitu ambavyo nyumbani hakuvigusa, na hajafa. Akanijazia chupa ndogo, akaifunga mwenyewe.

"Hii ni karkade," akasema. "Imetoka kwa Poni. Haina padre."

Jumatatu, 21 Julai

Siku yenyewe.

Juliet alitangulia. Ndoo yake ilikuwa inang'aa. Alikuwa ameosha mchanga wote kwa sabuni ya unga, hata makaa. Akamimina maji ya matope juu. Chini yakatoka maji ya matope yenye povu. Povu zuri, jingi, likashuka mezani na kuelekea kwenye kitabu cha Mwalimu Ocama. Darasa lilicheka.  Juliet alikuwa anazuia povu kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia bata.

Nikasimama nikasema kwamba ni mimi niliyemwambia mchanga unanuka, na kwamba nilijua ngozi ile haiguswi. Juliet alinitazama kana kwamba povu lote limetoka kinywani mwangu.

Zamu yangu. Kifuniko ndani ya bakuli la kuku. Chupa mbili. Karkade ya Poni kwenye chupa ya kwanza: zambarau iliyochoka. Kwenye chupa ya utelezi: nyekundu. Nyekundu kweli, kama kitambaa cha altare siku ya Mashahidi.  Ivan akauliza kama inanyweka. Nilisema hapana kwa sauti ambayo hata mimi iliniogopesha.

Mwalimu alituita mbele wote wawili. Akaeleza kwamba ngozi aliyoiosha Juliet ndiyo iliyokuwa inasafisha maji. Bakteria walishika kwenye mchanga, wakatulia, wakaacha haraka za kuzaana, wakawa wanakula uchafu unaopita. Akasema Kiden ana utando usio na kazi, Juliet ana kazi isiyo na utando. Kumbe Juliet ana ndoo ya pili nyumbani, ambayo alichoka kabla ya kuiosha. Mwalimu akasema basi, mradi mmoja, meza moja.

Juliet alisema afadhali abaki. Mimi nikasema afadhali nibaki. Mwalimu akasema sawa, atampeleka Ivan na viazi vyake vya umeme. Tukasema tutakwenda.

Alhamisi, 24 Julai

Arua. Njia nzima Juliet alikumbatia ndoo, mimi nikakumbatia bakuli. Hatukusemezana mpaka lilipotokea paa la kanisa kuu la Ediofe. Hapo akaniuliza kwa nini nanyoosha shingo. Nikamwambia habari ya Mama. Akasema ningesema mapema.

Meza yetu ilikuwa ya mwisho, kwenye kona, mbali na jiko kuliko zote. Niliona moshi wa jiko juu ya paa. Niliona wasichana wakibeba sufuria za chai. Mama hakutoka. Mchana maharage yaliletwa, Mama hakutoka. Niliyatambua maharage yake kwa vitunguu. Waamuzi walipita, tukaeleza, wakaandika, wakaondoka. Watu wakaanza kukunja vitambaa vya meza.

Nikapata mpango. Nikamwomba Juliet aende jikoni aseme kwamba kuna mtoto, meza ya mwisho, anasema maharage ni mabichi. Juliet akafikiri kidogo. Akasema atasema pia kwamba yana mawe.

Mama alitoka. Mwiko mkononi, kama nilivyopanga, ila sikuupanga uso ule. Watu walimpisha. Alikuja moja kwa moja akiuliza ni nani huyo mwenye meno ya dhahabu asiyeweza maharage yake. Kisha akasimama. Mwiko ukawa unadondosha mchuzi kwenye kitambaa cha meza. Alisoma kadi yangu. Akanitazama. Akasoma kadi tena.

"Maharage ni mabichi?" akaniuliza.

Nikasema hapana, Mama. Akasema alijua. Akafuta macho kwa kiwiko, akasema ni moshi.

Kisha akataka kuona nilicholeta, kwa hiyo nilimweleza yote, kama mwamuzi. Alinusa bakuli, ni dada wa Shangazi kwa tabia. Akasema anaujua utelezi huu, uko kwenye shimo la maji machafu la jiko, anausugua kila jioni na asubuhi umerudi. Amepigana nao tangu alipofika na hajawahi kuuliza unakula nini. Akauliza wale wa chini kabisa, wasiopata hewa, wanaishi kwa nini. Nikamwambia wanaishi polepole, kwa kinachowafikia, na wanachotoa wao hupanda juu kikaliwa na wengine. Mama akaweka mwiko mezani.

"Basi hawajasahauliwa," akasema.

Nikasema hapana, hawajasahauliwa.

Hatukushinda. Shule moja ya Ajia imeshinda kwa mashine ya kupukuchua mahindi. Mama alitupa mihogo ya kukaanga ndani ya gazeti, mimi na Juliet, mafungu sawa. Shule zikifungwa atakuja Koboko kupumzika. Amesema anataka kuuona ule utando ukiwa mnene kabisa, ndani ya jerikeni yake, si kwenye kifuniko.

Jumamosi, 26 Julai

Nimefagia kanisa mapema. Nimetafakari sana wakati wa kufagia. Nimejifunza. Mambo ya dini sitayagusa tena kamwe.

Mama anataka kuona utando mnene. Utando mnene unahitaji jerikeni isiyooshwa. Leo ni Jumamosi na kokoto zimeshaokotwa. Nimemshirikisha Juliet, ambaye sasa ni mwenzangu wa utafiti. Tumekubaliana kwamba kosa la kwanza lilikuwa kuchora kitu ambacho watu wanakipenda. Lazima iwe kitu wanachokiogopa.

Rangi nyeupe ilikuwa bado ipo. Nimechukua jerikeni nyingine, yenye maji nusu, nikaandika kwa herufi kubwa: SUMU YA PANYA.

Imefaulu kabisa. Shangazi amefika nyuma ya jiko, amesoma, ameiruka, ameendelea na nyingine. Aliniuliza tu kama ni sumu nzuri. Niliinamisha macho.

Sasa ninamsikia uani. Anawaambia akina mama wa jumuiya kwamba sumu ya dukani siku hizi panya wanainenepea, lakini hapa nyumbani ipo jerikeni nzima, na kila mwenye ghala aje na chupa. Mwenye duka ameshafika. Mzee Swaka naye amefika, anachechemea, na kikombe chake kilekile cha bati. Panya wake ni wakubwa, anasema.

Nimemchotea mwenyewe. Safari hii ni ya panya tu. Hakuna linaloweza kuharibika.